Yazd: Maji Chini ya Ardhi, Moto Nyuma ya Kioo

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye jamvi kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja.

Naanza na neno ambalo kila mmoja wetu hapa amekwisha kulisikia: Mamajusi. Aliyesoma Biblia amelikuta kwa Mathayo, wale mamajusi wa mashariki walioifuata nyota mpaka Bethlehemu. Aliyesoma Qur'ani amelikuta katika Surat al-Hajj, aya ya 17, Majusi wanapotajwa pamoja na Mayahudi na Manasara. Na wengi wetu tumesimuliwa madrasa kisa cha Salman al-Farisi, sahaba aliyetoa shauri la kuchimba handaki Madina ilipokuwa karibu kuzingirwa. Kabla hajatoka kwenda kuitafuta haki, Salman alikuwa kijana wa Kiajemi nyumbani kwa baba yake, na kazi yake pale nyumbani ilikuwa kuutunza moto usizimike.

Nilipokuwa mdogo sehemu ile ilinipita tu. Nilikuwa naisubiri sehemu ya handaki. Sikujiuliza moto ule ulikuwa wa nini, wala kama yuko mtu duniani anayeifanya mpaka leo kazi aliyoiacha Salman. Nilikuja kumwona mtu huyo nikiwa mtu mzima, katika mji uitwao Yazd. Amevaa nguo nyeupe, amefunga kitambaa cheupe puani na mdomoni ili pumzi yake isiuguse moto, anaongeza kipande cha kuni kavu. Mimi nilisimama upande wa pili wa kioo. Tangu siku ile sijaacha kuufikiria mji ule, na nilipoalikwa kuzungumza hapa juu ya urithi sikuwa na haja ya kutafuta mada nyingine.

Yazd uko katikati ya Iran, kwenye uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200, kati ya majangwa mawili makubwa, Dasht-e Kavir na Dasht-e Lut. Kusini-magharibi mwake umesimama mlima Shirkuh, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, na majira ya baridi kilele chake hushika theluji. Mjini kwenyewe mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni kama milimita 60. Masika yetu yakikaza, kiasi hicho sisi Unguja tunaweza kukipata kwa siku moja. Kiangazi joto hupita digrii 40, na upepo unaotoka jangwani huja na vumbi lake. Mtu unajiuliza, nani alikuwa na moyo wa kujenga mji mahali kama pale, na kuukalia zaidi ya miaka elfu moja na mia kadhaa?

Ukiingia vichochoro vyake utanielewa nikisema nilijihisi niko kwetu. Ni vyembamba, kuta zake ni ndefu, na kila baada ya hatua kadhaa kuna tao juu ya kichwa, ili mpita njia asiachwe na kivuli. Sisi tulijenga kwa mawe na chokaa, wao walijenga kwa matofali mabichi na udongo uliochanganywa na majani makavu ya ngano, lakini nia ni ile ile: jua lisifike chini. Na milango! Mlango wa zamani wa Yazd una vyuma viwili vya kubishia hodi. Upande mmoja kipande kizito cha chuma, hiki cha wanaume. Upande wa pili pete nyepesi, hii ya wanawake. Waliomo ndani husikia mlio wakajua aliyepo nje ni nani, na nani ainuke kwenda kumfungulia. Nilisimama mbele ya mlango mmoja nikavigonga vyote viwili kwa ncha ya kidole, taratibu, niisikie tofauti. Ipo, na ni kubwa.

Mji huu wa kale, eneo la karibu hekta 200, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000. Hilo nalitaja nikipita, kwa sababu Yazd haukusubiri orodha ili ukae. Yaliyowaweka watu pale ni maji, na maji yenyewe huyaoni.

Chini ya Yazd kuna mifereji. Waajemi wanaiita qanat, nami nitaiita kanati. Fundi anakwenda chini ya mlima, mahali ambapo theluji iliyoyeyuka imezama ardhini, anachimba kisima mpaka anayafikia maji. Hicho ndicho kisima mama. Kutoka hapo anachimba mfereji wa chini kwa chini kuelekea mjini, wenye mteremko mdogo mno. Mteremko ukizidi, maji yatakula kuta na mfereji utaanguka. Ukipungua, maji yatasimama. Kila baada ya makumi ya mita hutobolewa shimo kutoka juu, la kutolea udongo na kuingizia hewa. Ukipita juu kwa ndege unaviona vinywa vya mashimo hayo vimejipanga jangwani kama nyayo za mnyama mkubwa. Hakuna pampu wala mtambo. Maji yanashuka yenyewe, usiku na mchana, na jua haliyapati.

Kanati ya Zarch, inayopita chini ya mji wa Yazd, ina urefu wa zaidi ya kilomita 70 na mashimo zaidi ya 2,000. Ni miongoni mwa kanati 11 za Iran zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2016. Walioichimba waliingia kwa sururu na taa ndogo ya mafuta. Inasimuliwa kwamba mafundi hao walivaa nguo nyeupe, ili waonekane gizani, na ili udongo ukiwaangukia wawe wamekwisha kuvaa sanda. Hiyo ndiyo nguo ya kazi waliyochagua.

Maji yakifika, yanagawiwa vipi? Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nitairudia nukta hii mwishoni. Yaligawiwa kwa hesabu. Palikuwa na mtu aliyeaminiwa na wote, mwenye chungu kikubwa cha maji mbele yake na bakuli dogo la shaba lenye tundu jembamba chini. Analiweka bakuli likielea. Maji yanaingia kidogo kidogo kwenye tundu mpaka bakuli linazama. Kuzama mara moja ni kipimo kimoja. Analitoa, analimwaga, analiweka tena. Shamba la fulani lina vipimo kadhaa, la fulani vipimo kadhaa, na mwenye zamu saa nane za usiku anaamka saa nane za usiku. Mzee yule wa bakuli akisinzia, haki ya mtu imepotea. Bakuli kama hizo zimewekwa katika Makumbusho ya Maji pale Yazd, na kwa kweli nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya misikiti, Mungu anisamehe.

Upepo nao waliutia kazini. Juu ya mapaa imesimama minara iitwayo badgir. Bad ni upepo, gir ni kushika. Mnara una matundu juu, unaukamata upepo ulio juu ya vumbi na kuusukuma chini chumbani, mara nyingi upite kwanza juu ya hodhi la maji upoe. Upepo ukikosekana, jua linaipasha moto hewa iliyomo mnarani, hewa hiyo inapanda, na chumba kinapumua. Mnara wa bustani ya Dowlatabad, wa karne ya 18, una pande nane na urefu wa mita 33 hivi. Nimesema bustani. Neno hilo ni la kwao. Bandari ni lao, nanga ni lao, pamba ni yao. Na jamaa zetu wa Dubai wameiona minara kama hiyo pale mtaa wa kale wa Bastakiya, walikoipeleka wafanyabiashara wa Kiajemi.

Basi tuje kwenye dini.

Waislamu waliupa mji huu jina la Dar al-Ibadah. Hapa sihitaji mkalimani: ni nyumba ya ibada. Na jina Yazd lenyewe, katika lugha ya kale ya Kiajemi, lina mzizi mmoja na neno la kuabudu na kutukuza. Kwa hiyo walipobadilika wenyeji kutoka dini hadi dini, sifa ya mji ilibaki ile ile, ikavaa nguo nyingine.

Msikiti wa Ijumaa ni wa karne ya 14 kwa sehemu kubwa ya unavyoonekana leo. Una minara pacha inayopita mita 50, na lango lake limefunikwa vigae vya buluu toka chini mpaka juu, buluu inayoumiza macho kwa uzuri baada ya kutwa nzima ya kutazama udongo. Kuna masimulizi kwamba mahali pale palikuwa na nyumba ya moto zamani za Wasasani, wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu. Ninachokijua kwa macho yangu ni ngazi. Uani mwa msikiti kuna ngazi zinazoshuka ardhini mpaka kwenye kanati ya Zarch. Watu walishuka kutia udhu kwa maji yaliyotembea kutoka mlimani, kisha wakapanda kuswali.

Uko pia uwanja wa Amir Chakhmaq, uliopewa jina la liwali wa karne ya 15, na mbele ya jengo lake kubwa limesimama umbo kubwa la mbao liitwalo nakhl. Kwa Kiarabu ni mtende, lakini halifanani na mtende. Lina umbo la jani, au la tone la machozi. Katika siku za Muharram maumbo ya aina hii hufunikwa kitambaa cheusi, kisha mamia ya wanaume huyabeba mabegani kama jeneza la Imamu Hussein. Sisi tunayajua maandamano ya Ashura ya ndugu zetu Ithnaasheri hapa mjini, kwa hiyo huzuni ile si ngeni kwetu. Mayahudi nao waliishi Yazd kwa karne nyingi, na Moshe Katsav, aliyekuwa rais wa Israeli, alizaliwa huko mwaka 1945.

Lakini niliwaahidi moto.

Dini ya Zarathustra, nabii wa Waajemi wa kale, ilikuwa dini ya wafalme wa Uajemi mpaka dola ya Wasasani ilipoanguka mbele ya majeshi ya Waarabu. Mfalme wa mwisho, Yazdegerd wa Tatu, aliuawa karibu na Merv mwaka 651. Baada ya hapo waumini wake walipungua karne hadi karne, na waliobaki walisogea kwenye sehemu zenye ukame, zisizotamaniwa sana na watawala: Yazd na Kerman. Wengine walipanda majahazi wakaenda Gujarat, na hao ndio Waparsi. Wenyewe wanajiita watu wa dini njema. Sisi tumezoea kusema Majusi, na huko Iran liko jina jingine la kuwaita ambalo ni tusi, sitalitamka hapa.

Wanaambiwa wanaabudu moto. Muulize mmoja wao, atakujibu kwa upole, maana ameulizwa mara nyingi: wanamwabudu Ahura Mazda, Mola mwenye hekima, na wanapomwomba wanaelekea kwenye nuru. Nguzo ya maisha yao ni maneno matatu: fikra njema, maneno mema, matendo mema. Siku yao imegawanywa nyakati tano za sala. Wanavaa shati jeupe la ndani na kamba ya sufu kiunoni, ambayo huifungua na kuifunga upya wakati wa kuomba. Maji, ardhi na moto ni vitu vitakatifu visivyofaa kutiwa uchafu, na ndiyo maana zamani maiti zao hawakuzizika wala kuzichoma. Walizipandisha kwenye minara ya mawe juu ya vilima, ziliwe na ndege. Minara hiyo miwili ingali juu ya vilima nje ya Yazd, haitumiki tena. Leo wanazikana katika makaburi yaliyo chini ya vilima hivyo hivyo.

Moto wa Yazd ni wa daraja ya juu kabisa, Atash Behram, yaani moto wa ushindi. Dunia nzima iko mioto tisa tu ya daraja hiyo, minane India na mmoja huu. Kuuweka moto wa namna hiyo, taratibu zao zinataka zikusanywe ndimi za moto kutoka mahali 16 tofauti: kwa mfinyanzi, kwa mhunzi, kwa sonara, kwa mwoka mikate, kwa mchungaji, na hata moto uliowashwa na radi. Kila mmoja unasafishwa kwa ibada yake, kisha inaunganishwa. Nikisoma hayo niliguswa sana. Moto wa ibada wameutoa kwenye kazi za watu.

Kwa hesabu ya wenyewe, moto wa Yazd unawaka tangu karibu mwaka 470. Ulianza katika nchi ya Fars, kusini. Hali ilipobadilika ulihamishiwa Aqda, ukakaa karibu miaka 700. Mwaka 1173 ukapelekwa Ardakan, ukakaa miaka 300. Ndipo ukaingia Yazd, na kwa muda mrefu ulifichwa katika nyumba ya kuhani, nyumba ya kawaida kama nyumba nyingine, mpaka lilipojengwa hekalu la sasa mwaka 1934 kwa msaada wa Waparsi wa Bombay. Fikirini safari hiyo. Moto haufungwi kwenye mkoba. Moto unabebwa ukiwaka, unalishwa njiani, na watu wanaoubeba hawapati kulala wote kwa pamoja.

Na mbona ulifichwa? Hili ni lazima niliseme, maana nisipolisema nitakuwa nimewapambia mji tu. Kwa karne nyingi, hasa zama za koo za kifalme za Wasafavi na Waqajar, maisha ya watu hawa yalikuwa ya udhalili. Walilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, iliyowaelemea. Hawakuruhusiwa kupanda farasi mbele ya Mwislamu. Nguo zao zilipangiwa rangi ili wajulikane njiani. Nyumba zao zilitakiwa kuwa fupi. Na katika mji huu, mji wa minara ya upepo, wao walikatazwa kujenga badgir. Mpaka karibu na mwaka 1900, joto la Yazd lilikuwa la wote lakini upepo wake haukuwa wa wote. Mimi ni Mwislamu, na nilipolijua hilo nikiwa nimesimama chini ya mnara wa Dowlatabad, niliona haya. Bado naona haya.

Aliyewasaidia sana ni Mparsi mmoja kutoka India, Maneckji Limji Hataria, aliyefika Iran mwaka 1854 akitumwa na wenzake. Alifungua shule, akakarabati maziara na minara, akaandika barua, akabisha hodi kwenye milango ya wakubwa, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1882 mfalme wa Iran, Naser al-Din Shah, akaifuta jizya juu ya watu wa Zarathustra. Miaka 28 ya kubisha hodi, jamani. Wakati huo huo familia nyingi za Yazd zilikuwa zimekwisha kuhamia Bombay, na ndio hao waliofungua mikahawa ya chai inayojulikana huko mpaka leo kuwa ya Wairani.

Katiba ya sasa ya Iran inawatambua katika kifungu cha 13, pamoja na Wakristo na Mayahudi, na wana kiti kimoja bungeni. Idadi yao nchini humo ni kiasi cha 25,000. Mambo hayajatulia moja kwa moja. Sepanta Niknam alichaguliwa na watu wa Yazd, ambao wengi wao ni Waislamu, kuwa diwani wao, na akachaguliwa tena mwaka 2017. Akasimamishwa kwa sababu ya dini yake. Mabishano yalikwenda mpaka vyombo vya juu kabisa vya nchi, na mwaka 2018 akarudishwa kitini. Ninachokishika mimi hapo ni kura. Majirani walimpigia kura wakijua vizuri ni nani.

Iko ziara yao moja, mahali patakatifu pa kuombea, jangwani, kiasi cha kilomita 70 kutoka Yazd, kwenye ubavu wa jabali. Inaitwa Pir-e Sabz, na wengi huiita Chak Chak. Wanasimulia kwamba binti wa Yazdegerd, Nikbanu, alikimbilia pale akifukuzwa na majeshi. Hakuwa na pa kwenda. Akaomba, jabali likafunguka, likampokea. Mwamba ule unadondosha maji mpaka leo, na wao wanasema ni machozi ya jabali. Jina Chak Chak ni sauti ya tone. Sisi tuna methali, ndo! ndo! ndo! si chururu. Pale hakuna chururu. Kuna ndo! ndo! peke yake, na imetosha kuotesha mti uliojichomeka mwambani. Kila mwaka katikati ya Juni waumini hukusanyika hapo kutoka Iran yote na ng'ambo, na desturi ni kwamba ukiiona ziara kwa mbali unashuka, unamalizia njia kwa miguu. Nilikwenda mwezi mwingine, hapakuwa na umati. Nilikaa kwenye sakafu ya marumaru, yenye unyevu, nikasikiliza matone.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu kuna jambo lililonileta mbele yenu.

Mnajua kwamba Waparsi waliishi hapa Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya dini hii. Hilo wageni wanalijua kuliko sisi. Ninalotaka kulisema ni la zamani zaidi, nalo ni la kwetu wenyewe.

Mwaka wa kale wa Kiajemi una miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za nyongeza. Jumla 365. Hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja dhidi ya jua. Serikali ya Iran leo inatumia hesabu iliyosahihishwa, na Nowruz, mwaka mpya wao, ni Machi. Lakini baadhi ya watu wa Zarathustra hawakuiacha ile ya kale. Wazee wa Sharifabad, kijiji kilichopo karibu na Ardakan katika nchi ya Yazd, waliishikilia hata wenzao wa Tehran walipohamia Machi katika karne ya 20. Inaitwa Qadimi, ya kale. Kwa hesabu hiyo mwaka mpya sasa unaingia katikati ya Julai.

Na sisi Makunduchi tunakoga mwaka lini? Julai. Nairuzi yetu, mwaka wa manahodha, nao ni siku 365 bila nyongeza: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake. Nao unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katika karne ya 19 ulikuwa ukiangukia mwisho wa Agosti. Nilipoziweka hesabu hizi mbili pamoja, ile ya wazee wa Sharifabad na hii ya wazee wa Makunduchi, zilipishana kwa siku chache tu. Nilizirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Sisemi kwamba Mwaka Kogwa, sherehe yetu hiyo ya Makunduchi, ni ibada ya Majusi. Nisieleweke hivyo. Kibanda cha makuti kinachochomwa, wanaume wanaochapana kwa mashina ya migomba, nyimbo za wanawake, yote hayo ni yetu na yana maana yake kwetu. Kilichovuka bahari ni hesabu. Mabaharia wa Ghuba na wa pwani hii walihitaji mwaka wa jua ili wajue kaskazi itaanza lini na kusi itaanza lini, maana mwezi mwandamo hauwezi kukwambia hayo. Wakachukua Nairuzi. Mwongo wa kumi, wa ishirini, wa thelathini, mpaka mwongo wa mia na kuendelea. Nahodha alijua mwongo gani jahazi liko salama na mwongo gani livutwe pwani.

Na moto pia umo. Waliopita pwani hii karne ya 19 wameandika kwamba Siku ya Mwaka Waswahili walizima mioto yote ya majikoni, wakawasha mpya kwa kupekecha vijiti, na majivu ya mwaka uliokwisha wakayapeleka njia panda. Yazd moto hauzimwi abadani. Huku ulizimwa mara moja kwa mwaka, kwa makusudi, siku inayohesabiwa kwa mwaka ule ule.

Moto wa Yazd una makuhani wake. Bakuli la shaba, kanati zilipoanza kukauka na pampu zikaja, lilikwenda makumbusho, na hakuna tena mtu anayeamka saa nane za usiku kulihesabu. Miongo yetu iko wapi? Nimeuliza Nungwi, nimeuliza Mkokotoni, nimewauliza mafundi wa majahazi wenye umri wa makamo. Wananijibu, baba alikuwa anaijua.

Wazee wangu, wengine wenu mnatoka Makunduchi, na wawili hapa najua walikuwa manahodha kabla ya kuja mashine. Nimekuja na daftari. Chai iko tayari nje, na kashata zipo. Naomba anayejua mwongo wa leo ni wa ngapi akae na mimi, anihesabie kutoka Siku ya Mwaka iliyopita, polepole, niandike.